Sigara huzimwa mbele ya mkwe, mbona haizimwi mbele ya mtoto?

Mwishoni mwa Juni 2025 Ufaransa ilianza kutekeleza amri mpya inayokataza kuvuta sigara kwenye bustani za umma, kwenye vibanda vya kusubiria basi, kwenye fukwe katika msimu wa kuogelea, na ndani ya mita 10 kutoka shule, maktaba, mabwawa ya kuogelea na viwanja vya michezo. Faini yake ni yuro 135. Catherine Vautrin, aliyeitangaza akiwa waziri wa afya wa nchi hiyo, alisema palipo na watoto tumbaku lazima itoweke. Katika mazungumzo niliyoyasikia na kuyasoma huku kwetu, watu waligawanyika makundi mawili. Wa kwanza waliona hiyo ni serikali inayotafuta la kufanya, maana moshi wa ufukweni hupeperushwa na upepo kabla haujamfikia mtu. Wa pili walishangilia na kutaka Coco Beach na Forodhani zifuate mara moja.

Naona makundi yote mawili yamepitwa na jambo lenyewe. Yanabishana juu ya moshi wa ufukweni, ilhali moshi unaomuumiza mtoto haupo ufukweni. Upo sebuleni, upo chumbani, upo ndani ya gari lililofungwa vioo. Amri ya Ufaransa haigusi hata sehemu za nje za mikahawa, ambako Wafaransa wengi huvuta. Ukiipima kwa wingi wa moshi inaouzuia, ni amri ndogo sana. Nguvu ya sheria za aina hii imo kwingine: zinabadilisha jibu la mtu mzima anapojiuliza, pengine bila hata kujua kwamba anajiuliza, ni mbele ya nani sigara haivutwi. Na hoja yangu ni kwamba swali hilo sisi wa Afrika Mashariki tulishalijibu zamani kwa mila zetu, ila jibu letu lilimtaja mkubwa na likamsahau mdogo.

Tuanze na moshi wenyewe. Sigara inapowaka kati ya pumzi moja na nyingine, moshi unaotoka kwenye ncha yake haupiti kwenye kichujio wala kwenye mapafu ya mvutaji. Unaingia moja kwa moja hewani, na ndio sehemu kubwa ya moshi anaouvuta asiyevuta sigara. Mwingi hauonekani kwa macho. Ndiyo maana baba anaweza kuangalia chumba, akaona hewa imetulia, akaamini moshi umekwisha, kumbe chembe zake zinaelea kwa saa kadhaa, na nyingine zimeshika pazia, godoro na chandarua anacholalia mtoto. Mtoto mchanga anapumua kwa kasi kuliko mtu mzima, njia zake za hewa ni nyembamba, na hana uwezo wa kuinuka akatoka nje. Madhara yake yamejulikana kwa miaka mingi: nimonia na mkamba, pumu inayoanza au inayozidi, maambukizi ya sikio la kati, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Mwaka 2006 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alihitimisha kwamba hakuna kiwango cha moshi huu ambacho ni salama. Kufungua dirisha au kuwasha feni hakuuondoi.

Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2011, ukitumia takwimu za nchi 192 za mwaka 2004, ulikadiria kwamba watoto 40 kati ya kila 100 duniani walikuwa wanavuta moshi wa sigara za wengine, na kwamba moshi huo uliua watu wapatao 603,000 kwa mwaka. Kati yao 165,000 walikuwa watoto, wengi wakiuawa na maambukizi ya mapafu kabla ya kufikisha miaka mitano. Theluthi mbili ya vifo hivyo vya watoto vilitokea Afrika na Asia ya Kusini. Mgao huo unastahili kutazamwa mara mbili, kwa sababu Afrika si bara linaloongoza kwa wavutaji. Moshi uleule unamkuta mtoto wa huku akiwa na maambukizi mengi zaidi, lishe dhaifu zaidi na zahanati iliyo mbali zaidi. Kwa mtoto wa Ulaya moshi wa baba mara nyingi huishia kwenye kikohozi na dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo. Kwa mtoto wa Kaliua au Migori unaweza kuishia kwenye kifo.

Sasa, je, sheria ya mahali pa umma ina uwezo gani juu ya moshi wa nyumbani? Hapa kuna ushahidi mzuri kutoka Scotland. Tarehe 26 Machi 2006 Scotland ilipiga marufuku sigara ndani ya baa, mikahawa na sehemu za kazi. Wapinzani walionya kwamba wanaume waliozoea kuvuta baa sasa watarudi kuvutia nyumbani, na watoto ndio watakaolipa. Ilikuwa hoja yenye mantiki, na mimi ningekuwepo ningeichukulia kwa uzito. Watafiti wakaipima. Walichukua mate ya wanafunzi wa darasa la saba la shule za msingi, wenye umri wa miaka kama 11, kabla ya sheria na mwaka mmoja baadaye, wakatafuta kotinini, kemikali inayobaki mwilini baada ya nikotini kuvunjwa. Kama moshi ungekuwa umehamia nyumbani, kotinini ingepanda. Ilishuka kwa 39%. Wazazi waliozuiwa kuvuta mbele ya wahudumu wa baa hawakuhamishia sigara zao mbele ya watoto. Nyumba zilizojiwekea masharti ya kutovuta ndani ziliongezeka, ingawa sheria haikuwa imezungumzia nyumba hata kwa neno moja. Miaka michache baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walionyesha kwamba idadi ya watoto waliolazwa kwa pumu, ambayo ilikuwa ikipanda kwa wastani wa 5.2% kila mwaka kabla ya sheria, ilianza kushuka kwa 18.2% kila mwaka baada yake. Takwimu za pumu huathiriwa na mambo mengi, na sitaki kuipa sheria moja sifa yote hiyo. Lakini ile hofu ya moshi kuhamia nyumbani ilipimwa, ikaonekana haina msingi.

Hata hivyo, ndani ya matokeo yale ya mate kuna mgawanyo ambao wengi wanaoishangilia Scotland hawautaji, na kwangu ndio kiini cha somo. Katika nyumba ambazo hakuna mzazi anayevuta, kotinini ya watoto ilishuka kwa takriban nusu. Katika nyumba ambazo baba peke yake ndiye mvutaji, ilishuka kwa 44%. Katika nyumba ambazo mama anavuta, peke yake au pamoja na baba, ilishuka kwa 11% tu, kiasi ambacho kitakwimu hakitofautiani na kutobadilika. Mama wa mtoto mdogo hawezi kumwacha ndani akaenda kuvutia mtaa wa pili, kwa hiyo sigara yake ipo pale mtoto alipo. Sigara ya baba inahama kirahisi zaidi, kwa sababu baba mwenyewe anatoka na kurudi.

Wachambuzi wengi wa huku hurudia takwimu za Ulaya bila kuuliza kama nyumba zetu zinafanana na zile. Hazifanani, na safari hii tofauti iko upande wetu. Utafiti wa kitaifa wa watu wazima uliofanyika Kenya mwaka 2014 ulikuta kwamba 19.1% ya wanaume wanatumia tumbaku ya aina yoyote, dhidi ya 4.5% ya wanawake, na wanawake wanaovuta sigara hawafiki hata mmoja kati ya mia. Tanzania sura ni ileile: mvutaji wa nyumbani ni baba, ni mjomba, ni kaka mkubwa aliyerudi kutoka kazini. Maana yake, karibu kila nyumba yetu yenye mvutaji ipo katika lile fungu ambalo Scotland ilishuka kwa 44%. Hatuanzi na tatizo gumu la mama aliyefungwa na uraibu ndani ya chumba kimoja na mtoto wake. Tunaanza na mwanaume mwenye miguu na mlango.

Na mwanaume huyo anajua kuizima. Hili halihitaji utafiti, kila aliyekulia huku amelishuhudia. Kijana anavuta barazani, akimwona baba mkwe anakuja anaifinya sigara chini ya kandambili na kupunga mkono kufukuza moshi. Mtu wa miaka 40, mwenye nyumba na watoto wanne, hawezi kuwasha sigara mbele ya baba yake mzazi. Mwezi wa Ramadhani mvutaji wa pakiti nzima kwa siku anakaa kutoka daku hadi futari bila kugusa hata moja, kwa saa kumi na tatu na zaidi, kazini na kwenye foleni ya magari. Tunaambiwa kwamba uraibu humnyima mtu hiari, na ni kweli kwamba kuacha kabisa ni kazi ngumu inayohitaji msaada wa kitabibu. Lakini kuacha kabisa ni jambo moja, na kuahirisha kwa nusu saa au kusogea hatua thelathini ni jambo lingine, na hili la pili wanaume wetu wanaliweza kila siku kwa sababu ya heshima. Jua likizama, mwanaume yuleyule aliyevumilia mchana kutwa anameza tende, anakunywa uji, kisha anawasha ya kwanza palepale mkekani, wajukuu wamemzunguka.

Heshima hiyo ina kasoro ya mwelekeo. Inamlinda mzee wa miaka 70, ambaye anaweza kuondoka akakaa kwingine, na haimlindi mtoto wa miezi saba aliyefungwa mgongoni kwa khanga. Tena mtoto ndiye anayetumwa. Simama jioni nje ya duka lolote la mtaani utamwona: mtoto wa darasa la pili, shilingi zimefumbatwa mkononi, anaagiza sigara mbili za baba na kiberiti. Mwenye duka anazitoa kwenye pakiti iliyofunguliwa, anamkabidhi, na hakuna anayeshtuka, ingawa sheria ya Tanzania inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Kwa mtoto huyo sigara ni bidhaa ya nyumbani, sawa na chumvi na mafuta ya taa. Na ndicho hasa ambacho amri ya Ufaransa inajaribu kukivunja.

Hoja za upande wa pili si za kupuuzwa, ila hazilingani uzito. Iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba babu alivuta kiko ndani ya nyumba, akafika miaka tisini, na sisi wote tukakua salama. Anayesema hivyo ni aliyekua. Ndugu yake aliyefariki na nimonia akiwa na miezi mitano hayupo kwenye mazungumzo, na huenda hata jina lake halikumbukwi. Familia nyingi za kizazi hicho zilizika watoto wachanga, na chanzo kikaitwa homa, au jicho baya, au mapenzi ya Mungu. Huwezi kuwapima walionusurika peke yao halafu ukasema hapakuwa na hatari. Isitoshe, babu alivutia kwenye nyumba ya makuti yenye upepo, na mchana kutwa watoto walikuwa uwanjani. Mjukuu wake anakaa chumba kimoja cha kupanga chenye dirisha moja, kitanda upande huu wa pazia na kochi upande ule.

Hoja nzito zaidi ni ya kuni na mkaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Mtu anauliza kwa haki kabisa: mtoto amebebwa mgongoni jikoni asubuhi na jioni, macho yanamtoka machozi, nawe unahangaika na sigara mbili za baba? Nakubali kwamba moshi wa jikoni ni mwingi zaidi, na mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kufikia 80% ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, ni muhimu kuliko lolote ninalolipendekeza hapa. Lakini mapafu ya mtoto hayana hesabu mbili. Moshi wa sigara unaongezwa juu ya ule wa kuni, kwa mtoto yuleyule ambaye tayari amechoka. Pia kuna tofauti ya gharama. Kuondoa moshi wa kuni kunataka jiko, mtungi, na pesa ya kuujaza kila mwezi, na kaya nyingi hazina. Kuondoa moshi wa sigara chumbani hakutaki hata senti. Na kuna tofauti ya uhitaji: mama anawasha kuni kwa sababu mtoto huyo lazima ale.

Ipo hoja ya tatu, ambayo ndiyo inayonisumbua kweli. Nani atasimamia? Sheria ikiingia ndani ya nyumba itamhitaji shahidi, na shahidi pekee ni mke au mtoto. Mwanamke anayemtegemea mume kwa kodi na chakula, akiambiwa na serikali kwamba ana haki ya kumkataza asivute, amepewa haki ambayo anaweza kuilipia kwa kipigo. Na polisi anayegonga mlango usiku kutafuta harufu ya sigara ni balaa jipya kwa maskini, maana hatagonga Masaki wala Muthaiga. Kwa sababu hiyo siungi mkono kosa la jinai la kuvuta nyumbani. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 tayari inampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto dhidi ya mambo yanayomhatarisha kimwili. Huo ni wajibu wa kufundishwa na kukumbushwa, na ukigeuzwa msako utaharibu zaidi ya utakachookoa. Kuhusu mapato ya kodi na wakulima wa Urambo na Chunya, sioni yanaingiaje hapa: baba akitoka nje kuvuta, kampuni haijapoteza hata sigara moja.

Tukiacha milango ya watu, bado kuna nafasi kubwa ya kisheria. Mwaka 2015 England na Wales zilikataza kuvuta ndani ya gari lenye mtu wa chini ya miaka 18, kwa faini ya pauni 50. Ilisemwa kwamba haitekelezeki, na kweli polisi walitoa faini chache mno. Lakini watoto wa miaka 13 hadi 15 walioulizwa England walieleza hali nyingine: waliokuwa wakivutiwa sigara ndani ya gari walishuka kutoka takriban 6% mwaka 2012 hadi chini ya 2% mwaka 2016. Wazazi hawakusubiri kukamatwa. Sheria iliwaambia jambo ambalo wengi walikuwa tayari nusu wanalijua, na ikawapa akina mama na watoto sentensi ya kusema bila kugombana: hairuhusiwi. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, imekwenda mbali kuliko majirani zake, kwa kukataza sigara ndani ya sehemu zote za umma na za kazi na ndani ya mita 50 kutoka hapo, na kupandisha umri wa kuuziwa hadi miaka 21. Sheria ya Tanzania ni ya mwaka 2003, na bado inaruhusu kutengwa sehemu za kuvutia ndani ya majengo. Kuiboresha sheria hiyo, na kukataza sigara ndani ya gari lenye mtoto, kungepeleka ujumbe nyumbani bila askari kuvuka kizingiti. Nayo marufuku ya kumuuzia mtoto ingesimamiwa pale dukani, ambako hakuna faragha ya mtu inayoingiliwa.

Ila chombo kilicho karibu zaidi ni kliniki ya mama na mtoto. Nimekaa kwenye mabenchi hayo mara nyingi. Mtoto anapimwa uzito kwenye mizani ya kuning'inia, muuguzi anauliza kuhusu kunyonya, chandarua, choo na chanjo. Sijawahi kumsikia akiuliza nani anavuta nyumbani. Na baba, ambaye ndiye mwenye jibu, kuna siku moja yupo: hudhurio la kwanza la ujauzito, ambapo wajawazito huhimizwa kuja na wenzi wao kupima virusi vya UKIMWI. Siku hiyo amekaa benchini, amenyamaza, ana hofu kidogo, na yuko tayari kusikiliza kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Aulizwe yeye, na muuguzi, mbele ya mkewe, ili mke asibebeshwe mzigo wa kuuliza. Akijibu kwamba anavuta, asisimangwe. Aambiwe moshi unafanya nini kwenye mapafu ya mtoto wa miezi mitatu, aelezwe kwamba mlangoni hakutoshi kwa sababu moshi unarudi ndani, aonyeshwe umbali, na kama anataka kuacha kabisa aelekezwe pa kuanzia. Jibu lake liandikwe kwenye kadi ya kliniki, na mtoto atakapoletwa chanjo ya surua akiwa na miezi tisa, swali lirudiwe.